Lawama Zake, Saini ya Mwingine



Nimeombwa nizungumzie swali linalowakosesha usingizi wenye kampuni wa jiji hili la Dar es Salaam. Meneja mkubwa amepewa gari, bima ya familia, posho ya nyumba, na mshahara ambao watu wengi hawataushika maisha yao yote. Siku moja analeta barua, na mwezi unaofuata anaonekana kwa mshindani wenu, pengine mtaa wa pili tu. Kwa nini?

Jibu la haraka ni fedha. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimefanya kazi ya utumishi katika kampuni za mjini, barua hizo zimepita mezani kwangu, na jibu hilo halijawahi kunitosha. Barua zenyewe hazisaidii. Karibu zote zimeandikwa kwa maneno yaleyale: nashukuru kwa nafasi niliyopewa, nimepata mahali pengine pa kujiendeleza. Ukweli huja baadaye sana, kwenye msiba au kwenye kikao cha harusi, mtu akiwa hadai tena wala hadaiwi na kampuni ile. Hapo ndipo utasikia habari ya hundi iliyokaa wiki tatu bila kusainiwa, na ya mkopo aliomwahidi mteja halafu ukafutwa bila yeye kuambiwa.

Ninachoamini, na nitakitetea usiku huu, ni kwamba meneja mkubwa huondoka pale lawama zinapokuwa zake na saini ni ya mtu mwingine. Fedha humsaidia kuchagua anakokwenda. Uamuzi wa kwenda huwa umeshafanyika.

Nianze na barua iliyoandikwa mwaka 1979 na Waziri wetu wa Fedha wa wakati ule, Edwin Mtei. Wengi mnamfahamu kama mwasisi wa CHADEMA, chama alichokianzisha mwaka 1992, lakini kabla ya siasa za vyama vingi alikuwa meneja, tena wa ngazi ya juu kabisa. Benki Kuu ya Tanzania ilipofungua milango yake tarehe 14 Juni 1966, yeye ndiye aliyekuwa gavana wa kwanza, kijana wa miaka thelathini na kitu. Mwaka 1974 akaenda Arusha kuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, akarudi kushika Hazina.

Hebu utazameni mzigo aliokabidhiwa. Jumuiya imekufa na mali zake, reli, ndege na bandari, zinagombaniwa. Vita na Idi Amin imekula fedha za kigeni. Bei ya mafuta duniani imepanda kwa mara ya pili katika muongo mmoja. Kila mwenye kiwanda kilichosimama kwa kukosa vipuri anamtazama Waziri wa Fedha. Akazungumza na Shirika la Fedha la Kimataifa, nalo likaleta masharti yake, mojawapo likiwa kushusha thamani ya shilingi. Mwalimu Nyerere akakataa. Mtei akajiuzulu.

Sikuja kufufua ubishi wa nani alikuwa na haki. Mwalimu alikuwa na hoja nzito kuhusu uhuru wa nchi kujiamulia mambo yake, na wapo wanaoamini hadi leo kwamba alisimama panapostahili. Ninachotaka mkione ni hali ya yule aliyeondoka. Swali la dola lilikuwa lake kila asubuhi, na jibu lilikuwa mikononi mwa mwingine. Angeweza kubaki, akalinda cheo, akatekeleza sera asiyoiamini na kulaumiwa kwa matokeo yake. Akaenda kwenye kahawa yake shambani, na mwaka 1982 akawa mkurugenzi mtendaji katika Shirika lilelile la Fedha kule Washington.

Kuna jambo jingine katika kisa hicho ambalo ni adimu sana katika kampuni zetu. Mtei aliondoka baada ya kusema. Mkubwa wake alijua wanatofautiana wapi.

Mchumi Albert Hirschman, mzaliwa wa Berlin, aliandika kitabu mwaka 1970 kuhusu jambo hili hasa, la kusema au kuondoka. Wazo lilimjia alipokuwa akiitazama reli ya Nigeria. Malori yalikuwa yanainyang'anya mizigo, na badala ya kushtuka ikajirekebisha, reli ikazidi kuzorota. Alichokigundua ni kwamba wateja waliokuwa na uchungu na huduma mbovu, wale ambao wangepiga kelele mpaka wakubwa wasikie, ndio waliokuwa wa kwanza kuhamia kwenye malori. Waliobaki relini walikuwa watu wa kunyamaza. Kwa hiyo wakubwa wa reli waliona utulivu, wakadhani mambo ni shwari.

Nimekaa kwenye vikao vya menejimenti vilivyotulia namna hiyo. Mwenye kampuni anafurahi kwamba siku hizi watu wake wanaelewana. Hajiulizi wako wapi wale wawili waliokuwa wakibishana naye mwaka juzi.

Saini basi inakaa wapi hapa mjini kwetu? Inategemea umesimama mtaa gani.

Ukisimama Posta, kwenye majengo marefu ya Ohio na Samora, makampuni mengi makubwa yana mwenyewe mahali pengine: Johannesburg, London, Dubai, Amsterdam. Meneja wa Kitanzania anaweza kupanda mpaka akagusa ngazi ya pili kutoka juu, na hapo akakuta mlango ambao ufunguo wake hauko nchini. Chukueni benki ya NMB. Ilizaliwa mwaka 1997 kwa kugawanywa kwa NBC, na mwaka 2005 Rabobank ya Uholanzi pamoja na washirika wake wakanunua asilimia 49 ya hisa. Kwa zaidi ya miaka kumi baada ya hapo, kiti cha juu kilikaliwa na wageni, wakiwemo Mark Wiessing na Ineke Bussemaker. Walikuwa mabingwa wa kazi yao, hilo silipingi. Mwaka 2018 benki ya CRDB ilipotafuta mkurugenzi mtendaji mpya, ilimchukua Abdulmajid Nsekela, aliyekuwa kwenye safu ya juu ya NMB. Siwezi kuingia moyoni mwa mtu na kusema ndicho kilichomwondoa. Naitazama ramani tu: kwenye benki aliyokuwamo, kiti cha juu kilikuwa na mazoea ya kwenda kwa mgeni, kwenye benki ya jirani, mshindani mkubwa kabisa, kiti kama hicho kilikuwa wazi kwake.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2020, NMB ilimthibitisha Ruth Zaipuna kuwa mkurugenzi mtendaji, baada ya kuwa mkuu wa fedha wa benki hiyohiyo na kisha kukaimu. Mlango ulifunguka. Napenda kuwakumbusha wenye bodi kwamba unapompa kiti mtu wa ndani, unakuwa umezungumza na mameneja wengine wote wa ngazi ya pili bila kuitisha kikao.

Wageni wenyewe nao wanaondoka, kwa sababu zao. Sheria yetu ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wasio raia inatoa kibali cha kazi cha miezi 24, kinachoweza kuhuishwa, lakini jumla ya miaka yake ina ukomo. Mtu anayejua tarehe ya kuondoka kwake hupanga kazi yake kwa tarehe hiyo, na nusu ya mwaka wa mwisho moyo wake unakuwa umeshafika uwanja wa ndege. Na kuna wasiofika kabisa. Mwaka 2018 Sylvia Mulinge wa Safaricom aliteuliwa kuja kuongoza Vodacom Tanzania, akanyimwa kibali, akabaki Nairobi. Alirudi kwenye kazi ya juu, kampuni kubwa, mji wake mwenyewe. Ilipofika Oktoba 2022 alikuwa Kampala akiiongoza MTN Uganda. Mtu akishapimwa na kuonekana anatosha kiti cha kwanza, cha pili hakimkai tena, hata ukimpambia.

Nisichelewe sana kwenye mauzo ya makampuni. Tigo ilihamia mikononi mwa kundi la Axian mwaka 2022, na mwishoni mwa 2024 ikaitwa Yas. Barclays ikawa Absa. Mmiliki akibadilika, saini zote hurudi mezani na kugawanywa upya, na meneja aliyekuwa na ya milioni mia anajikuta na ya milioni kumi. Tangazo litasema hakuna atakayepunguzwa. Mameneja hawaogopi kupunguzwa, wanaogopa kupunguziwa.

Sasa tuje kwenye mashirika ya umma, na hapa nitasema kwa uangalifu kwa sababu nina marafiki huko na nawaheshimu. Mwaka 2016 Rais Magufuli, akiwa Chato, alisema hadharani kwamba hatakubali wakuu wa mashirika waliokuwa wakilipwa hadi shilingi milioni 40 kwa mwezi waendelee hivyo, na akataja milioni 15 kuwa mwisho. Wananchi wengi walimshangilia, na mimi naelewa kwa nini: mwalimu wa shule ya msingi hawezi kuelewa mshahara wa milioni 40, wala hana sababu ya kuuelewa. Wapo walioondoka kwa ajili hiyo. Fedha ilihusika, siwezi kukataa.

Lakini niliozungumza nao wakati ule hawakuanza na mshahara. Walianza na hofu. Mkurugenzi wa shirika ana bodi, ana wizara mama, ana Msajili wa Hazina, ana Mkaguzi Mkuu, na juu yao wote yupo aliyemteua, ambaye anaweza kumtengua kwa taarifa ya saa mbili usiku. Kila mmoja anaweza kuzuia uamuzi. Uamuzi ukienda vibaya, jina litakalosomwa ni moja. Katika miaka ile mtu alijua kwamba zabuni aliyoisaini kwa nia njema inaweza kufunguliwa miaka mitatu baadaye na kugeuka shtaka la utakatishaji fedha, ambalo halikuwa na dhamana. Matokeo yake tuliyaona wote: majalada yaliyolala. Meneja mwenye akili na mwenye watoto alijifunza kutosaini. Yule aliyekuwa na mahali pa kwenda, akaenda. Aliyebaki naye akaitwa mzembe.

Liko pia suala la kukaimu. Huko nimeona watu wakikaimu nafasi kubwa muda mrefu hadi wakazeeka nayo. Kaimu anabeba kazi yote ya mwenye nafasi, lakini hawezi kubadili muundo, hawezi kumwondoa mtu, hawezi kuanzisha jambo litakalochukua zaidi ya mwaka, kwa sababu kila mtu ofisini anasubiri atakayekuja. Ukitaka kumpoteza mtu hodari bila kumfukuza, mkaimishe.

Dhidi ya haya yote naweka mfano wa aliyekaa. Charles Kimei alitoka Benki Kuu, akaichukua CRDB mwaka 1998, akaondoka mwaka 2018. Miaka 20 kwenye kiti kimoja, katika kazi ambayo wengi hawamalizi 5. Alianza na benki iliyokuwa imebinafsishwa miaka miwili tu kabla, isiyo na uhakika wa kesho. Akaipeleka kwenye soko la hisa mwaka 2009, akaivusha mpaka Burundi mwaka 2012. Na nani alikuwa mwenye benki? Wanahisa wengi: watu binafsi, vyama vya ushirika, mifuko ya pensheni, mfuko wa uwekezaji wa Denmark. Hapakuwa na familia moja wala makao makuu ya ng'ambo. Nadhani, na haya ni maoni yangu, kwamba bodi ya namna ile ilimwachia nafasi ya kusaini na kujibu. Kuna upande wa pili, nao ni wa kweli: mtu anaweza kukaa hadi taasisi ikaonekana ni yake, na waliokuwa chini yake wakazeeka wakingoja. Hata hivyo wale wanaosema Mtanzania hatulii kazini waeleze kwanza miaka hiyo 20.

Sasa nishuke Msimbazi, niingie Kariakoo, maana hapa ndipo nilipojifunza zaidi.

Watu wa Posta wanadhani Kariakoo hakuna mameneja, kuna tajiri na vijana wa duka. Si kweli tena, kama iliwahi kuwa kweli. Nyuma ya fremu ya mita nne kuna kampuni inayoshusha makontena kila mwezi, inayolisha maduka ya Mbeya, Songea, Mwanza na Kigoma, na yenye wateja Lubumbashi, Lusaka, Lilongwe na Moroni. Tajiri anaweza kuwa Guangzhou wiki hizi. Anayejua mzigo uko wapi, wakala wa forodha amekwamia wapi, stoo ya Mtaa wa Nyamwezi ina nini na mashine ya risiti ya EFD imegoma saa ngapi, ni mtu mmoja. Huenda cheo chake hakijaandikwa popote. Huyo ni meneja mkubwa.

Na nguvu yake iko kwenye mali kauli. Niieleze kwa faida ya wageni wetu. Mteja wa mkoani anachukua mzigo bila kulipa, au analipa robo, anaondoka nao kwa neno lake tu. Hakuna hati ya nyumba, hakuna mdhamini wa benki. Kinachomlinda mwenye mali ni kwamba kuna mtu dukani anayemfahamu yule mteja: anajua kwamba wa Songea hulipa mahindi yakishauzwa, kwamba wa Kahama amefiwa na asisumbuliwe mwezi huu, kwamba wa Tunduma anaongea vizuri mno na asipewe hata katoni. Elimu hiyo haimo kwenye kompyuta. Nusu iko kwenye daftari, nusu kwenye simu ya msimamizi, na nusu nyingine, mkiniruhusu hesabu hiyo, iko kichwani mwake.

Kisha siku moja msimamizi anafungua fremu yake mtaa wa nyuma. Amelipa kilemba, amepaka rangi, na ndani ya miezi miwili wateja wa mikoani wanashukia kwake. Tajiri wa zamani analalamika kwamba ameibiwa wateja. Namwelewa, hasara yake ni ya kweli. Lakini wale wateja walikuwa wanamwamini nani? Walimwamini aliyepokea simu saa nne usiku, basi lilipoharibika Mikumi na mzigo ndani yake. Tajiri alikuwa na mali. Imani ilijengwa na mwingine, na kwa miaka yote ile hakuna aliyekaa kitako kuitafutia mahali pake.

Tajiri akikimbilia kwa wakili, atashauriwa aandikishe mikataba ya kumzuia msimamizi kufanya biashara hiyo. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, haipendezwi na mkataba wowote unaomzuia mtu kufanya shughuli halali ya kumlisha. Na hata ukishinda kesi, huwezi kumwamuru mteja wa Songea akupigie wewe simu.

Mnakumbuka Mei 2023, soko lilipogoma. Maduka yalifungwa tarehe 15, na tarehe 17 Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, alikuja kuwasikiliza wafanyabiashara hapa Mnazi Mmoja. Malalamiko yalikuwa juu ya kodi, usajili wa stoo na kikosi kazi cha Mamlaka ya Mapato, TRA. Tulisikia sana upande wa matajiri, na ilikuwa haki wasikike. Mimi nilikuwa nikiwafikiria wasimamizi. Kikosi kikiingia stoo na kukuta mzigo usio na risiti, anayeulizwa ni aliyeshika ufunguo. Yeye hakuagiza mzigo ule, hakupanga bei ya kuandika kwenye nyaraka, hana hisa hata moja. Simu ya tajiri haipokelewi. Dakika ile, mbele ya maofisa, mtu anajifunza thamani ya nafasi yake kuliko semina yoyote ingemfundisha. Barua ya kuacha kazi huandikwa hapo, ingawa itasainiwa mwakani.

Lakini Kariakoo hiihii ina jambo ambalo ningependa Posta waje walitazame. Wapo Wakinga kutoka Makete, na wafanyabiashara wengine wengi wenye desturi kama yao, ambao huleta kijana kutoka nyumbani, akakaa dukani miaka kadhaa. Anaanza kwa kubeba, anapanda hadi kuuza, kisha kusimamia. Mshahara si mkubwa. Lakini tangu siku ya kwanza wote wawili wanajua kwamba ataondoka, na kwamba siku hiyo tajiri atampa mtaji au mzigo wa kuanzia, kwa mali kauli. Waigbo wa Nigeria wana utaratibu unaofanana na huo, na masoko ya Onitsha na Aba yamejengwa nao. Kijana akifungua duka lake, anakuwa mteja wa tajiri wake wa zamani. Wanaagiza kontena pamoja, wanagawana gharama. Hakuna aliyeibiwa.

Sitaki kuupamba utaratibu huu kuliko ulivyo. Hauna maandishi. Tajiri akifariki, warithi wanaweza kusema hawajui ahadi yoyote, na kijana aliyetoa miaka yake bora anarudi mikono mitupu. Wengine huanza kutafutiwa kosa mwaka uleule wanapokaribia kupewa mtaji. Na mabinti, walioko dukani saa zote na wanaojua hesabu kuwashinda kaka zao, mara chache ndio wanaoandaliwa kuondoka na mzigo. Hayo ni madhambi na yasemwe. Ila utaratibu wenyewe umeelewa jambo ambalo kampuni nyingi zilizosajiliwa zinalikataa: mtu hodari atataka kitu chake. Ukimlazimisha afiche hamu hiyo, ataikuza kwa siri, kwenye muda wako.

Hamu hiyo haiko Kariakoo tu. Reginald Mengi alikuwa mhasibu aliyesomea Uskoti, akarudi nchini mwaka 1971 na kujiunga na kampuni ya ukaguzi wa hesabu iliyokuja kuitwa Coopers & Lybrand. Akapanda hadi kuwa mwenyekiti wake hapa Tanzania. Ni vigumu kufikiria kiti kilichotulia kuliko hicho kwa mhasibu wa miaka ile. Lakini katika miaka ya 1980 alikuwa nyumbani kwake akiunganisha kalamu za wino, na mwaka 1989 akaacha ukaguzi na kuingia moja kwa moja kwenye kampuni yake, IPP. Mwaka 1994 tukapata Radio One na ITV. Mtu aliyekagua hesabu za wengine kwa muda mrefu namna ile alijua biashara zote zinavyoendeshwa, isipokuwa hakuwa na ya kuendesha. Hakuna nyongeza ya mshahara ambayo ingeliziba hilo.

Kampuni za familia za katikati ya mji, kuanzia Kisutu hadi Mtaa wa India, zina shida yao mahususi. Nilimfahamu mama mmoja, mkuu wa fedha wa kampuni ya namna hiyo, ambayo sitaitaja. Aliikuta ikitunza hesabu kwenye vitabu vya kuandika kwa mkono, akaifikisha kwenye ukaguzi safi na mikopo ya benki tatu. Hundi aliziandaa yeye, akazipeleka kwa mwenye mali zisainiwe. Mpwa wa mwenye mali akarudi kutoka masomoni Uingereza. Mama akaombwa amfundishe kazi, akamfundisha kwa moyo wote. Baada ya miezi michache akaambiwa awe anapeleka hundi kwa mpwa. Alihamia kampuni ndogo zaidi, kwa mshahara pungufu. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba kule ana uwezo wa kusaini malipo hadi kiwango fulani peke yake, na bodi humwita kueleza, si kupelekesha karatasi. Mwenye mali hadi leo anaamini alinunuliwa kwa fedha.

Familia kuweka damu yake juu si dhambi. Ni mali yao. Wamwambie meneja mapema. Wamwambie kiti kile ni cha mtoto, lakini hiki kingine, chenye mamlaka haya na hisa hizi, ni chako. Wengi wangebaki. Kinachomwondoa mtu ni kugundua peke yake, kwenye mwaliko wa kikao ambao jina lake halimo.

Sasa fedha, maana nimeikwepa na si haki. Fedha hushika watu zaidi ya inavyowaondoa. Wafanyakazi wa benki hupata mikopo ya nyumba kwa riba nafuu ya wafanyakazi, na siku unayoondoka riba ile hupanda kuwa ya soko. Wapo mameneja hapa mjini waliokwisha kuondoka rohoni miaka iliyopita, wamebaki kwa sababu ya nyumba ya Goba au Mbweni. Mwajiri mpya akikubali kununua deni hilo, wanaondoka ndani ya wiki, na bodi inashangaa kwamba walikuwa na furaha hadi jana. Ada za shule nazo zina sauti kubwa kila Januari. Lakini jiulizeni: mtu aliyefungwa kwa mkopo, asiye na saini, anayengoja mtu amnunue deni, anawafanyia kazi ya namna gani katika miaka hiyo ya kungoja? Kumpoteza aliyebaki ni hasara kubwa kuliko kumpoteza aliyeondoka, na haionekani kwenye hesabu zozote.

Mtaniuliza kwenye maswali mfanye nini kesho asubuhi. Nina pendekezo moja, na ni la wenye mali na bodi. Chukueni karatasi, andikeni majina ya mameneja wenu wakubwa. Mbele ya kila jina andikeni kitu kimoja anacholaumiwa kikiharibika. Kisha andikeni kiasi anachoweza kusaini bila kumuuliza mtu, na mara ya mwisho uamuzi wake ulipinduliwa bila yeye kuelezwa. Mtajua nani anaondoka kabla yeye mwenyewe hajajua.

Na akishaleta barua, msimalize kwa hasira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inadai notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Kampuni nyingi za Posta hutumia siku hizo kumnyang'anya kompyuta, kumfungia barua pepe na kumsindikiza getini kama mwizi, wateja na wasaidizi wake wakitazama. Tajiri mwenye busara wa Kariakoo hufanya kinyume. Humwomba msimamizi wake akae msimu mmoja, hata kama makubaliano mapya ni ya nusu siku. Wanafungua daftari la madeni ukurasa kwa ukurasa. Wanapanda basi pamoja na mrithi wa kazi, Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya, wakiingia duka kwa duka, na kwa kila mteja yule anayeondoka anasema kwa kinywa chake: huyu ndiye utakayempigia sasa, na deni lako ni kiasi hiki.